Anajua Kazi Lakini Haimalizi: Upungufu wa Umakini kwa Mtumishi Mtu Mzima

Hotuba kwa maafisa utumishi na wakuu wa vitengo, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wakuu wa idara na vitengo, ndugu maafisa utumishi, mabibi na mabwana:

Nimepewa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya hali ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi ADHD, yaani upungufu wa umakini ambao kwa baadhi ya watu huandamana na mhangaiko na papara zisizo za kawaida. Walioandaa mkutano huu waliniomba nieleze jinsi mtumishi mwenye hali hii anavyoweza kujisaidia. Nitafanya hivyo, lakini kwa idhini yenu nitaanzia upande wa pili wa meza. Wengi wa watu wazima wanaokuja kuniona kwa sababu hii hapa Dodoma huja na bahasha ya kaki, na ndani yake mna barua inayowataka wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua za kinidhamu. Barua hizo huandikwa na maafisa wenye dhamana kama yenu, na kwa sababu hiyo nazungumza nanyi kwanza.

Nitamweleza mtumishi ambaye si mtu mmoja bali ni wengi niliowaunganisha, ili siri ya mgonjwa yeyote isiguswe. Bunge la Bajeti linapokaa, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, swali la mbunge likaletwa wizarani jioni na jibu likatakiwa kabla ya asubuhi, ni yeye anayetafutwa. Anakesha, anazikusanya takwimu kutoka kwa watu ambao hakuna mwingine angewapata saa nne za usiku, na asubuhi jibu linasomeka vizuri kuliko yote. Bunge likiahirishwa, anapewa kazi nyepesi zaidi: taarifa ya robo mwaka, kurasa 10, muda wa mwezi mzima. Siku ya mwisho taarifa haipo, au ipo nusu, na nusu hiyo imeandikwa kwa ustadi unaomfanya mkuu wake akasirike zaidi. Ni huyo huyo ambaye masurufu ya safari ya Kondoa hakuyarejesha mpaka yakakatwa kwenye mshahara wake, ingawa risiti zote anazo, zimekunjwa ndani ya begi la kompyuta pamoja na tiketi za basi na cheti cha dawa za mtoto. Kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kazi alizozitekeleza kweli hazionekani, kwa kuwa hakukumbuka kuziingiza. Katika kikao humkatiza mwenyekiti, si kwa dharau, bali kwa hofu kwamba asipolisema wazo lake sasa hivi litapotea. Na kweli hupotea.

Afisa utumishi mwenye busara huitazama rekodi hiyo na kufikia uamuzi ambao kwa fikra za kawaida hauna kasoro: mtu huyu anaweza, ila hataki. Kama aliweza kukesha kwa ajili ya jibu la Bunge, ashindweje kurasa 10 alizopewa mwezi mzima? Naomba tukae hapa kidogo, kwa maana swali hilo ndilo lililobeba ugonjwa wenyewe ndani yake.

Kwa wengi wetu, kujua kwamba jambo ni muhimu kunatosha kutusukuma walau tulianze, hata kama linachosha. Kwa mtu mwenye ADHD umuhimu peke yake hauna nguvu hiyo. Kinachomwamsha ni jambo kuwa jipya, kumvutia moyoni, au kuwa la dharura kiasi kwamba hatari yake inaonekana mlangoni. Swali la Bunge lina yote matatu, na taarifa ya robo mwaka haina hata moja mpaka usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga, inayozuia papara na inayoishikilia nia mpaka itimie, hutegemea sana kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, na kwa watu hawa mfumo huo hufanya kazi kwa namna tofauti. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulipima ubongo wa watoto na kuona kwamba gamba la ubongo la wenye ADHD hufikia kilele cha unene wake wakiwa na umri wa takriban miaka 10 na nusu, ilhali wenzao hufikia wakiwa na miaka 7 na nusu. Huo ni wastani wa kundi, na hakuna picha ya ubongo inayoweza kumthibitisha mtu mmoja kuwa ana hali hii au hana; lakini unatosha kutuonyesha kwamba hatuzungumzii tabia mbaya.

Mkulima wa Bahi anaujua uwele na mtama kuliko mtu yeyote aliyesomea darasani, lakini mvua za kwetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na aliyechelewa kupanda huvuna mabua hata kama ujuzi wake haukupungua hata chembe. Mtumishi ninayemzungumzia yuko katika hali hiyo. Ujuzi upo na nia ipo, ila palipokatika ni kati ya kujua na kutenda kwa wakati wake. Ndiyo maana semina ya matumizi bora ya muda humsaidia kidogo mno. Atakuwa wa kwanza kuyajibu maswali ya mwezeshaji, na jioni ataondoka ameliacha daftari lake ukumbini.

Hali hii si mtindo wa zama za simu janja, kama nilivyowahi kuambiwa na kiongozi mmoja kwa uhakika mkubwa. Daktari Alexander Crichton aliwaeleza watu wa namna hii katika maandishi yake ya mwaka 1798, na mwaka 1902 George Still akawahutubia madaktari wenzake London kuhusu watoto ambao akili zao zilikuwa timamu lakini hawakuweza kujizuia wala kutulia. Kwa muda mrefu baada ya hapo iliaminika kwamba ni jambo la watoto, nao huliacha wakikua. Leo tunajua kwamba wengi wao huendelea kuwa na dalili utu uzimani, ingawa zinabadili sura. Kukimbia na kuparamia madirisha huisha, na kinachobaki ni mhangaiko wa ndani, mguu unaotikisika chini ya meza na kushindwa kukaa kwenye foleni. Makadirio yanayotokana na tafiti za nchi mbalimbali yanaonyesha kwamba ADHD inawapata watoto wapatao 5 kati ya 100, na watu wazima 2 au 3 kati ya 100. Ofisi ya watumishi 200, kwa makadirio hayo, ina watu wapatao 4 hadi 6, na yaelekea majina yao mnayajua, ingawa si kwa sababu ya afya yao.

Inatoka wapi? Sehemu kubwa ni urithi. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watu katika dalili hizi inaelezwa na vinasaba, na hicho ni kiwango cha juu sana katika magonjwa ya akili. Kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo huongeza uwezekano wake. Hapa kwetu daktari lazima aulize pia juu ya malaria kali ya utotoni, kwa kuwa tafiti zilizofanywa Uganda zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya umakini. Haitokani na kurogwa, wala na kukosa viboko. Na kwa kuwa ni ya kurithi, mara nyingi mtu mzima hujitambua akiwa amemleta mtoto. Baba amekaa pembeni akisikiliza maswali yanayoulizwa juu ya mwanawe, ghafla ananyamaza, halafu anasema: daktari, hayo yote ni mimi.

Kinamama hucheleweshwa zaidi, na hapa nawaomba maafisa utumishi mnisikilize kwa makini. Mvulana mwenye ADHD hulisumbua darasa na hivyo huonekana, hata kama huonekana kwa kuadhibiwa. Msichana mara nyingi huwa yule mkimya aliyekaa nyuma katika darasa la wanafunzi wengi, anatazama dirishani, na mwalimu hana nafasi wala sababu ya kumuuliza chochote. Anakua akijifunza kuficha: anaandika kila kitu mara mbili, anafika ofisini saa moja kabla ya wenzake, anabeba kazi nyumbani. Mfumo huo hubomoka akipata mtoto wa pili au akipandishwa cheo na kupewa watu wa kuwasimamia, na anapofika hospitali hutibiwa sonona au wasiwasi. Huenda kweli anavyo, lakini chini yake kuna kitu cha miaka 30 ambacho hakuna aliyekiuliza.

Baada ya kusema hayo, ni wajibu wangu kuwazuia msitoke hapa mkamwita kila msahaulifu mgonjwa. Mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na wengi, toleo la mwaka 2013, unataka mtu mwenye umri wa miaka 17 na zaidi awe na dalili zisizopungua 5 kati ya 9 katika kundi la umakini, au kundi la mhangaiko na papara, au yote mawili. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze mahali pawili au zaidi, mathalani kazini na nyumbani, na ziwe zimeharibu kitu halisi katika maisha yake. Mtu aliyeishi kwa utulivu mpaka miaka 40 ndipo akaanza kusahausahau, huyo atafutiwe jambo jingine: tezi ya thairoidi, upungufu wa damu, sonona, pombe, au kifafa kisicho na degedege. Na zaidi ya yote usingizi. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, wapo watumishi ambao familia zao zimebaki Dar es Salaam. Ijumaa jioni wako safarini, Jumapili usiku wanarudi, na ingawa treni ya mwendokasi iliyoanza mwaka 2024 imewapunguzia adha, mwili unaokosa usingizi wiki baada ya wiki hutoa dalili zinazofanana sana na hizi. Dawa ya huyo ni kulala.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 6 la kumchuja mtu mzima kwa haraka, nalo linasaidia kujua kama kuna haja ya kwenda mbele. Kulijaza kwenye simu ukiwa kwenye daladala si kupimwa. Kipimo cha kweli ni mazungumzo marefu na mtaalamu, na mara nyingi ni pamoja na simu kwa mama aliyeko Mpwapwa au Manyoni, anayekumbuka kwamba kijana huyu kila muhula alipoteza sweta.

Kuhusu matibabu nitakuwa mfupi upande wa dawa, kwa kuwa uamuzi wake ni wa mgonjwa na daktari wake. Dawa zilizothibitishwa kwa ushahidi mwingi ni zile za kuchangamsha ubongo, hasa methilfenideti na jamii ya amfetamini, na ipo pia atomoksetini ambayo si ya jamii hiyo na huhitaji wiki kadhaa kabla matokeo hayajaonekana. Hupunguza dalili kwa wengi, na faida yake haiishii ofisini: utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanaume wenye ADHD walipata ajali kubwa za barabarani chache zaidi katika vipindi walivyokuwa wakitumia dawa kuliko vipindi walivyokuwa hawatumii. Lakini hupunguza hamu ya kula, huweza kuvuruga usingizi na kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, ziko chini ya udhibiti maalumu, na hazipatikani katika kila hospitali. Methilfenideti ilipoombewa nafasi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na tena mwaka 2021, haikukubaliwa. Yeyote anayeuziwa vidonge hivi na rafiki aliyetoka safari anacheza na moyo wake.

Wengi, wasipopata tiba, hujitibu wenyewe bila kujua kwamba wanajitibu. Kopo la tatu la kinywaji cha kuongeza nguvu kabla ya saa sita mchana, mirungi kwa aliye tayari kuvunja sheria, bia za jioni za kuizima akili isiyozimika. Papara nayo huonekana kwenye fedha kuliko mahali pengine. Mikopo ya kausha damu imetengenezwa kana kwamba ni kwa ajili yao: fedha inatoka ndani ya dakika chache, riba iko mbali, na jambo lililo mbali kwao halina uzito. Nawashauri wagonjwa wangu waweke kizuizi cha mtu, si cha nia. Mkopo wowote usiosainiwa pia na mke, mume au ndugu mwenye kuaminika, usichukuliwe siku hiyo. Ukingoja siku 2, mara nyingi hauhitajiki tena.

Sasa nirudi ofisini, ambako ndiko kwenye mamlaka yenu. Msingi wa msaada wote ni mmoja: kitu ambacho ubongo wake haukishikilii, kiwekwe nje ya ubongo, mahali pale pale na wakati ule ule kinapohitajika. Agizo lililotolewa kwa mdomo kwenye korido limekwishapotea kabla hajafika mezani. Liandikwe, hata mistari 2 ya dokezo sabili, yaani karatasi fupi ya mawasiliano ya ndani ya ofisi, au ujumbe wa simu wenye tarehe. Taarifa ya mwezi mmoja isipewe siku moja ya mwisho. Ipewe tarehe nne tofauti: Ijumaa hii muhtasari, Ijumaa ijayo takwimu, na kila mara kuwe na mtu mwenye jina anayeipokea, kwa sababu tarehe isiyo na mtu anayesubiri si tarehe kwake. Masurufu yaandikwe siku ile ile anayorudi safari, kabla hajaenda nyumbani, na risiti zipigwe picha pale pale zinapotolewa. Kazi za PEPMIS ziingizwe kila Ijumaa saa nane, wawili wawili, yeye na mwenzake wakiwa wameketi pamoja. Kukaa na mtu anayefanya kazi yake kimya kunamsaidia mtu mwenye ADHD kuliko mawaidha, jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kuliamini kwa sababu linaonekana dogo mno kuwa tiba.

Mahali pa kukaa nako kuna uzito. Mmempa meza karibu na dirisha la masjala, ambako kila dakika kuna anayeuliza faili, halafu mnashangaa kwamba haandiki. Mhamisheni. Kundi la WhatsApp la ofisi analoweza kulinyamazisha kwa saa 2 bila kuitwa mwenye dharau lina thamani kuliko kompyuta mpya. Yeye kwa upande wake awe na daftari moja tu, si matano, na kengele ya simu inayolia anapotakiwa kuanza, si anapotakiwa kuwa amemaliza. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia huyafanyia mazoezi mambo kama haya, na husaidia pia kuufuta uchungu wa miaka mingi ya kuitwa mvivu, ambao kwa baadhi ya wagonjwa umekuwa mzigo mkubwa kuliko dalili zenyewe.

Wapo watakaosema kwamba nafungua mlango wa visingizio. Hoja hiyo naiheshimu. ADHD haifuti wajibu, na mtumishi aliyewekewa tarehe nne tofauti, akapewa mtu wa kukaa naye na akaondolewa dirishani, kisha akakataa kuvitumia, ana la kujibu kama mwingine yeyote. Ninachopinga ni kuanza na adhabu. Barua ya onyo humpa hofu, na hofu ni dharura. Kwa hiyo wiki 2 zinazofuata atafanya kazi kwa kasi ya kuwashangaza, mtasema imefanya kazi, kisha dharura itaisha na mtaandika barua ya pili. Nimeziona barua hizo zikiwa zimepangana kwa tarehe kwenye jalada moja, na kila moja inarejea ile iliyotangulia.

Kabla ya barua, mwiteni. Msimuulize kwa nini hakumaliza, kwa kuwa hajui, na akilazimishwa kujibu atasema lolote litakalomtoa chumbani. Muulizeni kazi ilisimama hatua gani na nini kilitokea hapo. Msimpe jina la ugonjwa, wala msiandike neno hilo kwenye jalada lake. Hiyo si kazi yenu, na akiwapa taarifa zake za hospitali zibaki kwa yule aliyepewa. Mwambieni tu kwamba mambo haya yana wataalamu. Najua ninapotaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, wapo wanaotabasamu, kwa kuwa tangu utotoni tumelifanya jina la hospitali ile kuwa tusi. Ukweli ni kwamba watu huja kliniki asubuhi, wanazungumza na daktari, na mchana wako kazini kama waliotoka kupima macho.

Aende na mtu anayemfahamu tangu utotoni, au awe na namba ya simu ya mtu huyo. Abebe ripoti zake za shule ya msingi kama zipo, hasa zile zenye maoni ya mwalimu, na orodha ya dawa anazotumia. Apewe ruhusa kwa maandishi, yenye siku na saa, na mtu mmoja amkumbushe jioni ya kuamkia siku hiyo. Akiikosa miadi ya kwanza, na wengi huikosa, apangiwe nyingine.